Semmelweis, daktari aliyegundua kwamba mikono ya wanafunzi ilikuwa inaua mama wazazi

Katikati ya karne ya 19, mama maskini wa Vienna, nchini Austria, waliogopa kushikwa na uchungu siku isiyofaa. Hospitali kuu ya mji ilikuwa na maternite mbili zilizopokea wajawazito kwa zamu, leo hii, kesho ile. Katika ya kwanza walifundishwa wanafunzi wa udaktari wa chuo kikuu, katika ya pili wakunga. Huduma ilikuwa ya bure, mradi mama akubali wanafunzi wajifunze kwake. Lakini mjini watu walijua kwamba ile ya kwanza inaua. Kuna waliopiga magoti wakiomba wasipelekwe huko, na wengine walijifungulia njiani kwa makusudi.

Ignaz Semmelweis, mzaliwa wa Buda, Hungaria, mwaka 1818, alianza kazi katika maternite hiyo mwaka 1846 kama msaidizi wa profesa Johann Klein. Alikuta karibu mama mmoja kati ya kumi anakufa kwa homa ya uzazi. Kwa wakunga, vifo havikufika nusu ya hivyo. Wakubwa walilaumu hewa mbaya, lakini hewa ya pande zote mbili ilikuwa ileile! Semmelweis akachunguza kila kitu, hata kengele ya padri aliyepita kuwapa sakramenti wanaokufa. Hakupata jibu.

Mwezi wa tatu 1847, rafiki yake profesa Jakob Kolletschka alichomwa na kisu cha mwanafunzi walipokuwa wakipasua maiti, akaugua na kufa. Mwili wake ulipochunguzwa, ulionyesha mambo yaleyale yaliyoonekana kwa mama waliokufa. Kumbe walimu na wanafunzi walitoka kwenye maiti wakaenda moja kwa moja kupima wajawazito. Walinawa kwa sabuni tu, harufu ikabaki mikononi. Wakunga hawakupasua maiti.

Katikati ya mwezi wa tano akaamuru kila anayeingia anawe kwa maji ya klori, dawa ambayo watu wa Beni na Butembo waliizoea milangoni wakati wa Ebola. Mwezi wa nne walikuwa wamekufa mama 57 kati ya 312 waliojifungua. Mwezi wa sita walikufa 6 kati ya 268.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba yeye mwenyewe, kwa bidii ya utafiti, alikuwa amepasua maiti nyingi kuliko wenzake wengi. Alikiri hadharani kwamba wengi walikufa kwa mikono yake. Maprofesa wengi hawakutaka kukiri hivyo.

Mwaka 1849 mkataba wake haukuongezwa. Mwaka uliofuata aliondoka Vienna bila kuaga, akarudi Pest, na mwaka 1855 akawa profesa wa chuo kikuu huko. Na yeye alikuwa na kosa lake: alichelewa mno kuandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1861 tu, na kilipopingwa akawatumia maprofesa wa Ulaya barua za wazi akiwaita wauaji. Hilo halikumwongezea marafiki.

Mwaka 1865 akili yake ilivurugika. Alipelekwa kwa hila katika nyumba ya wagonjwa wa akili mjini Vienna, na wiki mbili baadaye, tarehe 13 mwezi wa nane, alikufa akiwa na miaka 47. Kidonda cha mkononi kilikuwa kimeoza na kutia sumu damu yake, ugonjwa wa namna ileile aliopigana nao. Tangu mwaka 1969, chuo kikuu cha udaktari cha Budapest kinaitwa Semmelweis.