Jean Depara, mupiga picha wa usiku wa Kinshasa

Wazee wa Butembo na Beni waliocheza muziki wa Franco walisikia sauti ya Kinshasa. Jean Depara ndiye aliyehifadhi sura zake. Alizaliwa Angola mwaka wa 1928. Mwaka wa 1950 alinunua apareyi ndogo ya picha kwa ajili ya ndoa yake, kisha akahamia Léopoldville, akawa anatengeneza baiskeli na redio. Mwaka wa 1954 Franco akamuchagua kuwa mupiga picha wake. Usiku Depara alizunguka katika mabaa, akipiga picha za vijana waliovaa vizuri. Tangu 1975 hadi 1989, wakati wa chama kimoja cha Mobutu, alikuwa mupiga picha wa Bunge. Alifariki mwaka wa 1997. Lakini picha zilizomupa jina si za wakubwa, ni za raia wa kawaida.