Ernest Rutherford: Aliyegundua Kiini cha Atomi kwa Kutumia Dhahabu

Na Mwandishi Wetu, Singida

Mwaka 1909, mgodi wa dhahabu wa Sekenke, ulioko wilayani Iramba mkoani Singida, ulipoanza uzalishaji chini ya utawala wa Wajerumani, Profesa Ernest Rutherford alikuwa Manchester, Uingereza, akiitumia dhahabu kwa kazi nyingine kabisa: kuchunguza namna atomi ilivyoundwa. Alichokigundua kinamhusu hadi leo mchimbaji mdogo anayechoma zebaki ili kupata dhahabu.

Rutherford alizaliwa Agosti 30, 1871 nchini New Zealand, akiwa mtoto wa nne kati ya 12. Mama yake alikuwa mwalimu. Ufadhili wa masomo ulimfikisha Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1895, na mwaka 1898 akawa profesa wa fizikia mjini Montreal, Kanada. Huko, akishirikiana na Frederick Soddy, alibaini kuwa elementi zenye mionzi hubadilika zenyewe kuwa elementi nyingine. Mwaka 1908 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Akiwa Manchester, wasaidizi wake, Hans Geiger na Ernest Marsden, walielekeza chembe za alfa kwenye utando mwembamba mno wa dhahabu. Chembe nyingi zilipenya, lakini chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alihitimisha kwamba sehemu kubwa ya atomi ni nafasi tupu, na karibu uzito wake wote umo katika kiini kidogo chenye chaji chanya, kikizungukwa na elektroni.

Utafiti uliofuata ulionesha kuwa idadi ya protoni zilizomo katika kiini ndiyo inayoitambulisha elementi. Dhahabu ina protoni 79, na zebaki 80. Tofauti ni protoni moja tu, lakini hakuna moto wa mkaa unaoweza kuiondoa, kwa kuwa joto hilo halibadili kiini. Kwa sababu hiyo, zebaki inayochomwa haiteketei. Hugeuka mvuke unaoingia mapafuni na kudhuru ubongo na figo, kisha hutua kwenye udongo na maji ikiwa zebaki ileile.

Mwaka 1919 Rutherford alirejea Cambridge kuongoza Maabara ya Cavendish, ambako James Chadwick aligundua nyutroni mwaka 1932. Aidha, mwaka 1933 aliongoza baraza lililowasaidia wanazuoni waliofukuzwa kazi na utawala wa Hitler. Alifariki dunia Oktoba 19, 1937, akiwa na umri wa miaka 66, na majivu yake yalizikwa Westminster Abbey, London.

Wachimbaji wadogo wanakumbushwa kutochoma zebaki majumbani wala karibu na watoto, wajawazito na vyanzo vya maji. Inapolazimu kuichoma, watumie chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, ili zebaki irudi kwenye chupa badala ya kuingia mwilini.