DAKTARI WA JICHO MOJA

Ukisikia neno saratani leo, mawazo yako hukimbilia mashine za mionzi. Huku kwetu Bofa watu husema tu kwamba fulani amepelekwa Nairobi kuchomwa. Mashine za siku hizi zinaweza kuulenga uvimbe kwa usahihi wa milimita chache, na nyama iliyo kando ikabaki salama. Je, mtoto wa miaka mitano akiwa na uvimbe kwenye taya, na nchi nzima haina hata mashine moja ya aina hiyo, atatibiwaje? Swali hilo ndilo lililomkabili Daktari Denis Burkitt mjini Kampala.

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi, lakini saa zake za mapumziko aliwafuata ndege na kuchora ramani kuonyesha kila ndege anaishi wapi. Ziweke ramani hizo akilini. Denis alipokuwa na umri wa miaka 11, watoto walirushiana mawe, naye akapoteza jicho moja. Baadaye alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, akauacha, akaingia udaktari. Alipoomba kazi Afrika Magharibi alikataliwa. Eti daktari wa upasuaji mwenye jicho moja atafaa nini! Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliletwa Kenya kama daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa Lira, Uganda. Huko aliona kwamba mabusha, ugonjwa ambao sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa, yalijaa upande mmoja wa wilaya na upande wa pili ni nadra. Ramani ya kwanza hiyo.

Mwaka 1957, akiwa hospitali ya Mulago, Daktari Hugh Trowell alimwita amtazame mtoto mmoja. Taya zake zilikuwa zimefura kulia na kushoto, juu na chini. Burkitt alishangaa, kwa kuwa uvimbe wa kawaida huanza mahali pamoja. Majuma machache baadaye, kule Jinja, akamwona mtoto mwingine vilevile. Basi akaanza kupekua rekodi, akapata wengi. Watoto hao walikuwa wakifa kwa miezi tu. Kisu hakikuwafaa, maana ukitaka kuutoa uvimbe wote unautoa na uso wa mtoto. Mionzi ndiyo hivyo tena, haikuwako.

Burkitt alituma barua zenye picha kwa mamia ya hospitali za Afrika, akiuliza kama wameuona ugonjwa huu. Lakini barua hazikumtosha. Oktoba 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu aina ya Ford wakashika njia hadi Afrika Kusini na kurudi. Walisafiri majuma kumi, kilomita kama 16,000, na hospitali zaidi ya 50. Si mchezo! Ramani ilipokamilika, ilionekana kwamba ugonjwa huo hupenda mahali penye joto na mvua. Hapa Kenya ulikuwa kando ya Ziwa Viktoria na huku kwetu Pwani, wala si kwenye nyanda za juu. Kumbe palipo na malaria nyingi ndipo ulipo. Unguja na Pemba, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, ulikuwa haba.

Na tiba je? Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Kwa kuwa hakuwa na mionzi, alijaribu dawa zilizokuwa mpya wakati huo, kama methotreksati na saiklofosfamaidi. Nairobi nako Daktari Peter Clifford alikuwa akijaribu. Dozi zilikuwa ndogo, lakini kwa watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu, sura ikarudi. Si wote waliopona, wengine ulirudi wakafa. Hata hivyo wako waliokua wakawa watu wazima, na siku zile kuponya saratani kwa dawa peke yake lilikuwa jambo geni duniani.

Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilipelekwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake wakaona ndani yake virusi ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr. Virusi hivyo karibu kila mtu anavyo. Malaria ya mara kwa mara ndiyo huvipa nafasi ya kuleta madhara haya.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Uingereza alipata sifa nyingine kwa kuwahimiza watu wale vyakula visivyokobolewa, yaani kama ugali wa dona. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Ugonjwa ule unaitwa limfoma ya Burkitt, na saiklofosfamaidi bado ni moja ya dawa wanazodungwa watoto wanaouugua.