Mtakatifu Teresa na Kijana Aliyeogopa Dhambi Zake



Huku kwetu Nachingwea na Ruangwa korosho haiendi mnadani bila kukaguliwa. Inapimwa, inaangaliwa unyevu, inapangwa daraja la kwanza au la pili. Naona vijana wengi tunakagua roho zetu hivyo hivyo. Tunahesabu dhambi, tunajipa daraja, halafu tukijiona tuko chini tunaacha kabisa kwenda kuungama. Ninao wenzangu kwenye jumuiya waliokaa miezi bila Komunyo. Mungu wanampenda, ila wanaona hawajafikia kiwango. Kwa ajili yao leo nasimulia maisha ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu.

Teresa alizaliwa Alençon, Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 4. Alipofika miaka 12 alipatwa na wasiwasi mkubwa wa dhamiri, yaani kila wazo dogo aliliona dhambi. Kila siku alimweleza dada yake mkubwa, Maria, akatulia kidogo, kesho yake yanarudi tena. Mwaka 1886 Maria akaenda utawani, Teresa akabaki hana wa kumweleza. Basi akawageukia ndugu zake wanne waliofariki wangali wadogo, akawaomba wamwombee amani kule mbinguni. Amani ikaja. Hebu ona hapo: hesabu ya makosa haikuisha, amani aliipokea kama zawadi.

Tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15, aliingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux. Kanuni za utawa alizishika kwa uaminifu, hata zile ndogo. Lakini mara nyingi alisinzia wakati wa sala! Hakukata tamaa, kwa sababu alijua mzazi anampenda mwanae hata akiwa amelala. Mwaka 1891 padre Mfransisko aliyekuja kutoa mafungo alimtia moyo aende bila woga katika njia ya matumaini na upendo.

Mwaka 1895 mseminari mmoja, Maurice Bellière, aliandika Lisieux akiomba mtawa wa kumwombea. Akapewa Teresa. Maurice alitaka kuwa mmisionari Afrika, lakini makosa yake ya nyuma yalimlemea. Alipojua Teresa yu karibu kufa kwa kifua kikuu, aliogopa kwamba akifika mbinguni atayaona yote na upendo wake utapungua.

Julai 1897 Teresa, mgonjwa kitandani, akamwandikia mfano wa watoto wawili watundu waliomkosea baba yao. Mmoja alitetemeka akakimbia kujificha. Wa pili alijitupa mikononi mwa baba, akaomba msamaha na kuahidi kubadilika. Baba alijua mtoto huyo ataanguka tena, na bado moyo wake haukuweza kumkataa.

Tarehe 29 Septemba 1897 Maurice alipanda meli kwenda Algeria kujiunga na Mapadre Weupe. Kesho yake Teresa akafariki, ana miaka 24. Maurice alipata upadre mwaka 1901, akatumwa nchi ambayo leo ni Malawi, jirani zetu wa Ziwa Nyasa. Baadaye alirudi Ufaransa mgonjwa, akafariki mwaka 1907. Teresa hakuwa amemwahidi maisha yasiyo na udhaifu. Alimwonyesha pa kukimbilia tu.

Sasa, asije mtu akasema neema ipo, basi nafanya ninavyotaka. Amri za Mungu bado ni amri, na yule mtoto wa pili aliahidi kubadilika. Ila amri inanionyesha nilipoanguka. Wa kuninyanyua ni Yesu.

Leo kabla ya kulala, jaribu hivi. Mshukuru Mungu kwanza. Mwombe Roho Mtakatifu akuangazie. Itaje dhambi yako kwa jina lake, bila kuipamba na bila kuizungukazunguka. Halafu kimbilia kwa Baba, na ukipata nafasi umwone padre wa parokia yako uungame. Hata kama ni dhambi ile ile ya mwezi uliopita, nenda.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, msimamizi wa misioni, utuombee.