Maisha ya Antoine Lavoisier, Bwana wa Mizani

Sisi wa kidato cha nne, kila jioni, huimba kilo, hekto, deka, desi, senti, mili kama watoto wa chuoni waimbavyo alifu na be, kwa kuwa mtihani wa kemia u karibu. Ni wachache wanaouliza maneno hayo yametoka wapi. Mmoja wa watu waliotuletea vipimo hivyo ni Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye wengi wetu tunamjua kwa habari ya oksijeni tu.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 26 Agosti, 1743. Baba yake alikuwa mwanasheria mwenye mali, na mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka mitano. Akasoma sheria kama baba yake, akafaulu, lakini moyo wake ulikuwa katika sayansi. Mwaka 1768, akiwa na miaka 24 tu, akachaguliwa kuingia katika Akademia ya Sayansi. Mwaka huo huo akanunua hisa katika kampuni ya watoza kodi, na hisa hiyo ndiyo iliyomwua, kama tutakavyoona.

Kampuni hiyo ilimlipa mfalme fedha, kisha ikawatoza raia kodi ya chumvi, ya tumbaku na ya bidhaa zilizoingia Paris, nayo ikabaki na faida. Raia waliichukia mno. Lavoisier mwenyewe ndiye aliyetoa shauri mji uzungushiwe ukuta ili watu wasipitishe bidhaa kwa magendo. Vyombo vyake vya maabara, vilivyokuwa vya thamani kubwa, alivinunua kwa faida hiyo. Sioni sababu ya kulificha jambo hili kwa kuwa tu alikuwa mwanasayansi mkubwa.

Mwaka 1771 alimwoa Marie-Anne Paulze, binti wa mmoja wa wakubwa wa kampuni ile. Bwana alikuwa na miaka 28 na bibi arusi 13, umri wa dada zetu wa kidato cha kwanza. Bibi huyu akajifunza Kiingereza, akamtafsiria mumewe maandishi ya wataalamu wa Uingereza, tena akawa mchoraji wa picha za vyombo vyake.

Tangu mwaka 1775 Lavoisier alisimamia kazi ya baruti ya serikali, na huko akajenga maabara. Wengine walitazama rangi na kunusa harufu, lakini yeye alipima uzito. Alishika kwamba vitu vilivyoingia chomboni lazima viwe sawa kwa uzito na vilivyotoka, hata kama vingine vimegeuka hewa. Katika jaribio lake mashuhuri alichemsha zebaki siku 12 ndani ya hewa iliyofungiwa, akapata unga mwekundu. Akachukua punje 45 za unga huo, akazichoma kwa moto mkali zaidi, akapata zebaki punje 41 na nusu, pamoja na hewa ambayo mshumaa uliwaka ndani yake kwa mwanga mkali ajabu. Zile punje tatu na nusu zilizopungua ni hewa hiyo, aliyoipa jina la oksijeni.

Punje ni nini? Hapa ndipo mwanafunzi anayelalamikia miligramu angepaswa kuwahurumia watu wa zamani. Ratili ya Paris ilikuwa na wakia 16, kila wakia gros 8, na kila gros punje 72, maana yake ratili moja ni punje 9,216. Ukitaka kugeuza ratili 2, wakia 5, gros 3 na punje 40 kuwa punje tupu, unafanya hesabu nne ndipo ujumlishe, upate 21,568. Lakini kilo 2 na gramu 345 ni gramu 2,345, basi, na ukitaka miligramu unaongeza sufuri tatu. Zile punje tatu na nusu ni kama miligramu 186 kwa kipimo chetu. Katika kitabu chake cha kemia cha mwaka 1789 Lavoisier aliwashauri wanakemia waache wakia na punje, waigawe ratili kwa kumi, kwa mia na kwa elfu. Kitabuni akaweka na majedwali ya kugeuzia vipimo.

Ratili ya mji huu haikuwa sawa na ya mji ule, na mabwana wenye ardhi walipokea nafaka ya wakulima kwa pishi kubwa iliyojazwa hadi kufura. Sisi wa Handeni tunaojua gunia la lumbesa hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mapinduzi yalipoanza mwaka 1789, wakulima wengi waliomba kipimo kimoja kwa nchi nzima. Akademia ikapewa kazi hiyo, na Lavoisier akawa mshika fedha wake. Mita ikatolewa katika urefu wa dunia, na mwaka 1793 yeye na mwenzake Haüy wakapima uzito wa maji ya ujazo unaojulikana. Ndiyo asili ya ule usawa tunaokariri, kwamba sentimita moja ya ujazo ya maji ni gramu moja, na lita moja, yaani sentimita za ujazo 1,000, ni kilo moja. (Muhula uliopita niliandika 25 mahali pa 0.025, nikapata moli mara elfu ya zile zilizokuwamo chupani.)

Mwaka huo huo wa 1793, mwezi wa Novemba, watoza kodi wote wa kampuni ile wakaamriwa kukamatwa. Lavoisier alijificha siku chache, kisha akajipeleka mwenyewe. Borda na Haüy, wenzake katika kazi ya vipimo, wakaandika kuomba afunguliwe aimalize. Jibu likawa kufukuzwa kwa Borda na wengine kadhaa katika kamati. Tarehe 8 Mei, 1794, akahukumiwa na kukatwa kichwa siku hiyo hiyo pamoja na wenzake 27, mmoja wao baba mkwe wake. Alikuwa na miaka 50.

Tarehe 7 Aprili, 1795, miezi 11 baada ya kifo chake, sheria ya Ufaransa ikatangaza lita na gramu, na mbele yake viambishi tunavyoviimba. Vya kupanda, deka, hekto na kilo, vilitolewa katika Kigiriki. Vya kushuka, desi, senti na mili, katika Kilatini. Anayechanganya hekto na senti akumbuke hivyo. Mikro ilikuja baadaye nayo ni Kigiriki ingawa inashuka, kwa hiyo hiyo tuikariri peke yake.

Mali ya marehemu ilikuwa imetwaliwa na serikali. Mjane akaidai mpaka akarudishiwa, pamoja na vyombo vya maabara, akazichapisha kumbukumbu za kazi za mumewe. Mizani zile zipo hadi leo Paris, katika makumbusho ya Arts et Métiers.