Sheikh Muhammad Abduh na Elimu ya Adabu

Wako wadhanio ya kuwa mashairi, picha na maneno ya fasaha ni upuzi usiomfalia mtu wa dini. Mwenye kuutazama umri wa Sheikh Muhammad Abduh wa Misri ataiacha dhana hiyo.

Alizaliwa mwaka wa 1849. Alipopelekwa Tanta kusoma, alikaririshwa sarufi asiyoielewa, akakata tamaa, akatoroka. Aliyemrejesha katika elimu ni Sheikh Darwish, mzee wa jamaa zake, aliyemsomesha polepole kwa kumfahamisha. Tangu hapo akawa adui wa kukariri pasipo kufahamu.

Mwaka wa 1880 alikabidhiwa gazeti la serikali, akalitia lugha nyepesi iliyo safi. Baada ya vita vya Urabi alihamishwa nchi yake, na huko Beirut akasherehesha Nahju 'l-Balagha na Maqamat za al-Hamadhani. Aliporudi Misri alisomesha katika Azhar vitabu vya balagha vya Abdulqahir al-Jurjani. Kwani asiyeonja utamu wa lugha, ataifahamuje Kurani? Mwaka wa 1899 akawa Mufti wa Misri, kisha akaongoza jamii ya kufufua vitabu vya kale, iliyokipiga chapa kitabu kikubwa cha Ibn Sida, al-Mukhassas.

Mwaka wa 1903 alizuru Sicily, akaona jinsi watu walivyozitunza picha za kale. Akaeleza katika al-Manar ya Rashid Rida ya kuwa picha ni ndugu wa shairi: hili husikiwa na ile huonwa, na zote mbili huhifadhi hali za watu. Makatazo ya Hadithi aliyaona yamewaelekea wenye kuabudu masanamu. Pasipo hofu hiyo, picha ina manufaa. Wanazuoni wengi walimpinga, na hata leo wako wasiomkubali. Lakini lawama yake kubwa ilikuwa juu yetu sote: wenzetu wanahifadhi hata picha, na sisi tumeviachilia vitabu vya wazee wetu vikapotea.

Mwaka wa 1905 alijiuzulu katika baraza la Azhar, na tarehe 11 Julai mwaka huo akafariki Iskandaria. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Fikra zake zilifika Mombasa kwa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyetoa gazeti la al-Islah mwaka wa 1932. Basi, ndugu msomaji, kama nyumbani mwako mna sanduku la miswada ya babu zako, lifungue leo, kabla mchwa hawajakutangulia.