Henry Kempe, daktari aliyeyafanya majimbo ya Marekani kuwalinda watoto wanaopigwa nyumbani

Mwezi Julai 1962, jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapisha makala ya kurasa chache tu. Miaka mitano baadaye, majimbo yote 50 ya nchi hiyo yalikuwa yamepitisha sheria mpya ya kuwalinda watoto. Mwandishi wake wa kwanza, daktari Henry Kempe wa mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, aliandika waziwazi jambo ambalo wenzake wengi walikuwa wakiliona na kulinyamazia: kuna watoto wanaofika hospitalini na mifupa iliyovunjika kwa sababu wamepigwa na wazazi au walezi wao.

Charles Henry Kempe alizaliwa tarehe 6 Aprili 1922 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland kwa jina la Wrocław. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Utawala wa Hitler ulipowabana Wayahudi, familia ilikimbia, na Kempe akafika Marekani akiwa bado kijana. Alisomea udaktari California na kuhitimu mwaka 1945. Mwaka 1948 alimwoa Ruth Svibergson, daktari kama yeye, ambaye baadaye alifanya kazi pamoja naye kwa miaka mingi. Walipata mabinti watano.

Kabla ya kujulikana kwa ajili ya watoto wanaopigwa, Kempe alijulikana kwa kazi yake juu ya virusi. Alichunguza ugonjwa wa ndui na madhara ya chanjo yake, na kazi hiyo ilimfikisha hadi India. Mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 34, aliteuliwa kuwa mkuu wa idara ya magonjwa ya watoto katika Chuo Kikuu cha Colorado.

Majibu yasiyoridhisha

Huko Denver, Kempe alikuwa akipita wodini na madaktari vijana. Mara kwa mara alikuta mtoto mchanga mwenye mguu uliovunjika au damu iliyovuja kichwani, na kwenye faili imeandikwa kwamba alianguka kitandani, au kwamba ana tatizo la mifupa au la damu. Kempe hakuridhika. Mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa hawezi kujivunja mifupa mara tatu kwa nyakati tofauti.

Hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Mwaka 1860, huko Paris, daktari Ambroise Tardieu alikuwa ameeleza habari za watoto 32 walioteswa, 18 kati yao wakiwa wamekufa. Wenzake hawakumfuata. Mwaka 1946, daktari John Caffey wa New York, mtaalamu wa picha za eksirei, aliandika juu ya watoto sita waliokuwa na mivunjiko ya mifupa pamoja na damu iliyovuja kati ya ubongo na fuvu, lakini hakusema waziwazi ni nani aliyewaumiza. Madaktari wengi hawakutaka kuamini kwamba mzazi anaweza kumtendea mwanawe hivyo. Wengine waliogopa kuvunja siri ya mgonjwa, au kushtakiwa na familia iwapo wangekosea.

Mwaka 1958, Kempe aliunda katika hospitali yake kikundi cha kuwashughulikia watoto hao. Daktari wa watoto, mfanyakazi wa ustawi wa jamii na daktari wa magonjwa ya akili walikaa meza moja kuamua mtoto arudi nyumbani au asirudi. Daktari wa akili, Brandt Steele, alipewa kazi ya kuzungumza na wazazi wenyewe. Alikuta kwamba wengi wao walikuwa wametendewa vibaya walipokuwa watoto.

Makala iliyofungua macho

Kempe na wenzake waliandikia hospitali mbalimbali nchini kuuliza ni watoto wangapi wa aina hiyo waliopokelewa kwa mwaka mmoja. Hospitali 71 zilitaja watoto 302. Kati yao, 33 walikufa na 85 walibaki na madhara ya kudumu kwenye ubongo. Ofisi 77 za waendesha mashtaka nazo zilitaja watoto 447, ambao 45 walikufa.

Kempe alijua kwamba takwimu peke yake hazitoshi. Alitafuta jina ambalo daktari yeyote asingeweza kulipita bila kusimama, akauita ugonjwa wa mtoto aliyepigwa. Mwaka 1961 alilitumia jina hilo mbele ya mkutano wa madaktari wa watoto huko Chicago, na mwaka uliofuata makala ikatoka, akiwa ameiandika pamoja na Steele na madaktari wengine watatu. Ilieleza kwamba wengi wa watoto hao wana umri wa chini ya miaka mitatu, na kwamba picha za eksirei zinaonyesha yale ambayo mtoto hawezi kuyasema, kwa kuwa mfupa uliovunjika zamani na uliovunjika juzi huonekana tofauti. Iliwakumbusha pia madaktari kwamba wajibu wao wa kwanza ni kwa mtoto: wasimrudishe nyumbani wakati hatari bado ipo.

Magazeti na televisheni viliichukua habari hiyo, na wananchi wakaanza kuuliza sheria inasema nini.

Sheria zinaenda jimbo kwa jimbo

Marekani, kila jimbo lina bunge lake, na mambo mengi ya familia hutungiwa sheria huko, si Washington. Kwa hiyo aliyetaka kuwalinda watoto alipaswa kuyashawishi mabunge 50. Ofisi ya Watoto ya serikali kuu, iliyoundwa mwaka 1912, iliita wataalamu mwaka 1962, Kempe akiwa mmoja wao. Mwaka 1963 ilitoa mfano wa sheria ambao kila jimbo lingeweza kuufuata. Mwaka huohuo majimbo ya kwanza yalipitisha sheria zao, na kufikia 1967 yote yalikuwa nazo.

Msingi wa sheria hizo ulikuwa rahisi. Daktari anayeshuku kwamba mtoto ameumizwa makusudi analazimika kutoa taarifa kwa polisi au kwa ofisi ya ulinzi wa watoto. Hatakiwi kuwa na uthibitisho. Shaka yenye sababu inatosha, na uchunguzi ni kazi ya wengine. Akitoa taarifa kwa nia njema, hawezi kushtakiwa hata kama ilikuwa si kweli. Akinyamaza, katika majimbo mengi anaweza kuadhibiwa. Mwaka 1976, Mahakama Kuu ya California ilikwenda mbali zaidi, ikaamua kwamba daktari asiyetambua wala kuripoti dalili hizo anaweza kudaiwa fidia kwa niaba ya mtoto.

Baadaye majimbo yalipanua sheria. Walimu, wauguzi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliongezwa. Makosa nayo yaliongezwa: kutelekezwa, kunyimwa chakula au matibabu, na unyanyasaji wa kingono. Mwezi Januari 1974, Rais Richard Nixon alitia sahihi sheria ya kitaifa iliyosukumwa na Seneta Walter Mondale, iliyoyapa majimbo pesa kwa masharti kwamba sheria zao zifikie kiwango fulani.

Taarifa nyingi, msaada mdogo

Mafanikio hayo yalileta shida yake. Simu zilimiminika. Kufikia mwaka 1980, taarifa zilikuwa zimepita milioni moja kwa mwaka, na ofisi za majimbo hazikuwa na wafanyakazi wa kutosha kuzichunguza, sembuse kuzisaidia familia. Wakosoaji walisema kwamba familia maskini ndizo zilizoripotiwa zaidi, na kwamba umaskini wakati mwingine ulichukuliwa kuwa uzembe wa wazazi.

Kempe mwenyewe hakuona kwamba kuripoti kungetosha. Huko Denver, yeye na wenzake waliwatuma watu wa kawaida, wazazi wenye uzoefu, kuzitembelea familia zilizolemewa, na wakafungua mahali ambapo mama aliyechoka angeweza kumwacha mtoto wake kwa saa chache kabla hasira haijamzidi. Mwaka 1972 alianzisha kituo cha kitaifa cha kuzuia na kutibu unyanyasaji wa watoto, ambacho leo kina jina lake.

Alikuwa ameona huko Scotland jinsi wauguzi wanavyomtembelea kila mama aliyejifungua, tajiri au maskini. Katikati ya miaka ya 1970 alianza kudai kwamba Marekani ifanye hivyo pia. Hoja yake ilikuwa kwamba taifa linalomlazimisha mtoto kwenda shule akifikisha miaka sita haliwezi kumwacha bila kuonwa na mtu yeyote kabla ya hapo, wakati ambapo hatari ya kuuawa kwa kipigo ni kubwa zaidi. Mwaka 1977 alishiriki kuanzisha shirika la kimataifa la kupambana na unyanyasaji wa watoto pamoja na jarida lake la kitaalamu, na mwaka huohuo aliwahimiza madaktari wa watoto wasiendelee kufumbia macho unyanyasaji wa kingono.

Henry Kempe alifariki Hawaii mwezi Machi 1984, akiwa na umri wa miaka 61. Wajibu wa kuripoti umebaki katika sheria za majimbo yote. Ziara za nyumbani hazikupata nguvu ya sheria kama hiyo. Jimbo la Hawaii lilianza mpango wake mwaka 1985 kwa kufuata mawazo yake, na mingine imefuata kwingineko, lakini hadi leo mama wengi wa Marekani hurudi nyumbani na mtoto mchanga bila muuguzi kubisha hodi.